Jokofu dogo chumbani: Mpangaji wa Eldoret azingatie nini?

WAPANGAJI wengi mjini Eldoret huishi katika chumba kimoja ambamo kitanda, jiko la gesi, meza na mitungi ya maji hugawana nafasi ya hatua chache tu. Hivyo ndivyo ilivyo katika mitaa kama vile Langas, Kapsoya, Annex na Kimumu, wanakoishi wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi na wachuuzi wa mji huo ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024.

Katika makao ya aina hii, jokofu dogo huonekana kuwa suluhisho. Maziwa hayaharibiki, mboga hudumu na mgonjwa wa kisukari hupata mahali pa kuhifadhia insulini. Hata hivyo, majokofu madogo yanayouzwa madukani hutofautiana sana ndani, ijapokuwa kwa nje yanafanana. Anayekosea kuchagua huenda akalipia umeme mwingi kuliko jirani mwenye jokofu kubwa, au akaharibu dawa aliyokusudia kuikinga.

Aina mbili

Aina ya kwanza hutumia kompresa, kama majokofu ya kawaida ya nyumbani. Kompresa husukuma gesi katika mabomba. Gesi hiyo hufyonza joto la ndani na kulitoa kupitia nyuma au ubavuni. Baridi ikishafikia kiwango kilichowekwa, kompresa huzimika yenyewe, kisha huwaka tena joto linapopanda. Mengi ya majokofu haya huwa na ujazo wa lita 45 hadi 90.

Aina ya pili haina kompresa wala gesi. Hutumia bamba dogo ambalo umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Kanuni hiyo iligunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mnamo 1834. Majokofu haya mara nyingi huwa ya lita 4 hadi 20, hubebeka kwa mkono mmoja, hayangurumi kama kompresa na mengine huweza kuunganishwa kwenye gari. Bei yake dukani ni ya chini, na hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa.

Udogo si unafuu

Bamba la Peltier hutumia umeme mwingi kwa baridi kidogo linayotoa, na katika majokofu mengi ya bei ya chini huwaka mfululizo usiku na mchana. Jokofu la aina hiyo lenye wati 50, likiwaka saa 24, humaliza uniti 1.2 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni uniti 36.

Jokofu la kompresa lenye ukubwa mara tano au zaidi, likiwa katika hali nzuri, laweza kutumia uniti 0.4 hadi 0.6 kwa siku, yaani uniti 12 hadi 18 kwa mwezi. Kwa hiyo kijisanduku cha bei rahisi chaweza kula umeme maradufu ya kile kinachotumiwa na jokofu halisi.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mwenye kipato kidogo. Katika mabadiliko ya bei ya Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliwatengea bei nafuu wateja wa nyumbani wanaotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi. Kijisanduku cha uniti 36 humvusha mpangaji mpaka huo hata kabla hajawasha taa.

Baridi ya Eldoret

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana hukaribia nyuzi 24 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10. Hali hii ina faida na hatari kwa wenye majokofu ya Peltier.

Majokofu hayo hayana kiwango kamili cha baridi. Hupunguza tu joto la chumba, kwa kawaida kwa nyuzi 15 hadi 20. Katika chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32, ndani kutabaki na nyuzi 12 au zaidi, kiwango ambacho hakifai kuhifadhi maziwa wala nyama. Eldoret mchana, jokofu lilo hilo laweza kufikia nyuzi 6.

Hatari huja usiku. Chumba kinapopoa hadi nyuzi 14, jokofu lisilo na themostati huendelea kupoza bila kujali, na kitu kilichogusana na bamba chaweza kuganda. Kwa soda hilo si neno. Kwa insulini ni hasara kamili, kwa sababu insulini iliyoganda haifai kutumiwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Mgonjwa na dawa yake

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, ambacho mara nyingi ni nyuzi 25 au 30.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia vipimo vya joto kutoka kambi ya Dagahaley huko Dadaab. Ulionyesha kwamba insulini iliyowekwa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne.

Kwa mkazi wa Eldoret, ambako joto ni la chini zaidi, hilo ni jambo la kutia moyo: chupa inayotumika yaweza kuwekwa mahali penye kivuli bila jokofu. Jokofu linahitajika kwa akiba ambayo haijafunguliwa, na hapo lafaa la kompresa lenye themostati. Dawa iwekwe rafu ya katikati, mbali na sehemu ya barafu. Mgonjwa asibadilishe utaratibu wake kabla ya kumwuliza mfamasia au daktari wake.

Nyota za aina mbili

Lebo ya EPRA ya matumizi ya umeme ina nyota. Kadiri zinavyoongezeka, ndivyo jokofu linavyotumia umeme kwa uangalifu. Nyota hizo ni tofauti na zile zinazochorwa kwenye mlango wa sehemu ya barafu. Huko, nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sufuri, mbili ni 12 chini na tatu ni 18 chini.

Majokofu mengi madogo yana nyota moja ya barafu au hayana kabisa. Nyama hudumu humo kwa siku chache, wala si kwa miezi. Anayetaka kuuza samaki au aiskrimu ahitaji friza.

Safari na mahali pa kuliweka

Wengine hununua jokofu Nairobi na kulisafirisha kilomita zipatazo 310 kwa matatu au lori. Lisafirishwe likiwa wima. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia katika mabomba, na kuliwasha papo hapo kwaweza kuliua. Lililolazwa liachwe wima usiku kucha kabla ya kuunganishwa na umeme.

Chumbani, liwekwe mbali na jiko na jua la dirishani, nalo liachiwe nafasi ya upana wa kiganja nyuma na pembeni ili joto litoke. Majokofu mengi mapya hutumia gesi inayoweza kushika moto. Ndiyo sababu barafu haipasi kubanduliwa kwa kisu. Lizimwe, lifunguliwe, barafu iyeyuke yenyewe.

Umeme ukipotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi. Jambo kama hilo likitokea, mlango usifunguliwe. Jokofu kubwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne. Dogo huishiwa mapema zaidi, ila chupa za maji baridi zilizojaza nafasi tupu husaidia. Nyama na maziwa vilivyopata joto kwa zaidi ya saa mbili vitiliwe shaka.

Umeme unaporudi, nguvu zake huweza kuyumba. Kifaa cha kukinga friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache, hugharimu kidogo kuliko kompresa mpya.

Matumizi ya kila siku ni mepesi. Nyama mbichi ikae chini katika chombo kilichofunikwa, maziwa yakae ndani badala ya mlangoni, na chakula cha moto kipoe kwanza lakini kisikae nje kupita saa mbili. Kipimajoto ndani ya bilauri ya maji kikionyesha nyuzi 4 baada ya usiku mzima, jokofu linafanya kazi yake.

Wala si kila chumba kinahitaji jokofu. Wakalenjin wa Uasin Gishu wamehifadhi maziwa kwa vizazi vingi kwa kuyagandisha kuwa mursik ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa, na mpangaji anayenunua nusu lita ya maziwa kila jioni na sukumawiki za siku hiyo huenda asipate faida yoyote. Kabla ya kutoa pesa, aorodheshe kwanza anachotaka kukihifadhi, kisha aulize matumizi ya umeme kwa siku, kiwango cha baridi na uwepo wa themostati. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hapaswi kupewa pesa.