Mizinga ya Meli Iliyopanda Milima

Je, wajua kwamba mizinga ya manowari iliwahi kuvutwa kwa kamba porini Tanganyika? Ilikuwa 10, yote ya manowari ya Kijerumani Königsberg, na sifa yake ilianzia Unguja, Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Alfajiri hiyo manowari ya Waingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga bandarini, mitambo yake ikitengenezwa. Kukimbia haiwezi. Königsberg ikatokea, ikakaa umbali wa kilomita 8 hivi, ikaanza kupiga. Ukipima matundu ya mizinga ya meli hizo, utaona yanakaribiana mno: wa Mjerumani milimita 105, wa Mwingereza 102. Lakini mzinga hausifiwi kwa tundu. Ule wa Königsberg uliweza kuinua mtutu nyuzi 30 na kurusha kombora kiasi cha kilomita 12, ilhali makombora ya Pegasus yaliishia majini. Nahodha Max Looff alijua pa kusimama: mahali anapofika yeye na mwenzake hafiki. Kwangu mimi hayo si mapigano, ni kumpiga aliyefungwa mikono. Haikupita nusu saa, Pegasus ilikuwa imenyamazishwa. Mabaharia 38 walipoteza maisha, na siku hiyo hiyo meli ikazama.

Kumbe mpigaji naye mgonjwa! Mashine ya Königsberg iliharibika muda mfupi baadaye, ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vikakokotwa na watu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa tena kurudi. Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli zenye tumbo bapa zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, pamoja na ndege ya kuangalia makombora yanaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe, isitekwe.

Meli ilikufa, mizinga haikufa. Iliopolewa yote 10, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaiundia magurudumu. Mmoja ulisafirishwa hadi Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Mingine ilifuata bara jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Mzinga ulioundwa kukaa juu ya sitaha hauna habari na tope wala kilima. Ulihitaji mamia ya watu, kamba mabegani, mvua ikinyesha, njaa ikiuma. Jina la Looff limo vitabuni. Ya wale wapagazi utayatafuta sana. Baruti ilipokwisha au mzinga ulipokwama, Wajerumani waliuvunja na kuuacha.

Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus, wakaitia magurudumu, wakaipeleka vitani huko huko bara.

Ukifika Mombasa, pita Fort Jesus. Upo mzinga wa Königsberg, na upo wa Pegasus. Chukua utepe, upime mwenyewe hizo milimita tatu.