Visivyoonekana Baharini Vyataka Jina

Haba na haba hujaza kibaba. Sisi wana wa pwani tukiitaja bahari humtaja nguru, changu na pweza. Lakini kile kisichoonekana kwa jicho hatukitaji, kwa kuwa hatuna jina lake.

Majuzi alifika Mombasa binti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya juu kutoka ng'ambo, anayechunguza viumbe vidogo mno vya baharini na mabadiliko ya hali ya hewa. Kwa Kiswahili chake cha darasani aliwaambia wavuvi kwamba amefuata vidudu vya bahari. Nahodha mmoja akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani bahari yetu ina maradhi?"

Swali hilo si la mzaha. Kwetu kidudu ni cha ugonjwa, nacho hutafutiwa dawa. Kumbe hivi alivyovifuata ni neema. Katika miaka ya 1980, katika bahari ya Atlantiki, Sallie Chisholm na wenziwe wa Marekani waligundua kimojawapo, kiitwacho Prochlorococcus. Yahitajiwa takriban mia moja vikipangwa safu ili kutimiza upana wa unywele mmoja. Vimo katika Bahari ya Hindi pia, na kijiko kimoja cha maji chaweza kuchukua laki kadhaa. Kama majani ya mwembe, hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na hewa ya kaboni, vikatoa hewa tuivutayo. Vyote vya namna hii baharini hufanya karibu nusu ya kazi hiyo duniani. Vikifa, sehemu ya kaboni huzama navyo kilindini.

Bahari ikizidi joto, maji ya juu hayachanganyiki vyema na ya chini yenye rutuba. Hapo viumbe hivi hukosa chakula, samaki akakosa, na chungu cha mvuvi kikakosa. Mwaka 1998 tuliyaona matumbawe yetu yakigeuka meupe, kwa kuwa joto liliyatenga na vijimea viishivyo ndani yake.

Binti alipokwisha kueleza, yule nahodha alisema, "Basi hayo ni malisho." Neno hilo lanitosha mimi: malisho ya bahari.

Qur'ani yatukumbusha kuwa Mola huumba tusivyovijua. Kutojua si aibu. Aibu ni kuiita neema maradhi baada ya kuijua. Enyi wavuvi, tangu Vanga hata Kiunga, ikiwa wazee wenu waliwaachia neno lililo bora kuliko hilo, tuleteeni.