Mchoro Unabaki Pangoni, Picha Inakwenda Sokoni

Desemba 2017, katika mnada wa kampuni ya Poly jijini Beijing, michoro 12 ya mandhari aliyoichora Qi Baishi mwaka 1925 iliuzwa kwa yuani milioni 931.5. Miaka mitatu na nusu baadaye, Juni 2021, Ant Group, kampuni inayohusika na mfumo wa malipo wa Alipay, ilitoa picha mbili za kidijitali zenye sura za mapango ya Dunhuang, nakala 8,000 kwa kila moja, kwa yuani 9.9 na alama chache za mteja. Zikaisha upesi. Biashara ya kwanza ni ya mnunuzi mmoja na hazina yake. Ya pili iko wazi kwa yeyote mwenye simu, na ndiyo inayoibadilisha sanaa ya jadi ya China.

Dunhuang yenyewe haikuanza kwa kutafuta faida. Mapango yake, yaitwayo Mogao, ukingoni mwa jangwa la Gobi mkoani Gansu, ni 735, yakiwa na michoro ya Kibuddha yenye ukubwa wa mita za mraba 45,000 hivi. Kila mgeni anayeingia huacha joto na unyevu wa pumzi yake, na rangi za karne nyingi hubanduka. Mwanaakiolojia Fan Jinshi, aliyefika huko mwaka 1963 na baadaye kuiongoza taasisi ya Dunhuang, alipigania wazo la kuhifadhi kuta hizo ndani ya kompyuta. Kamera husogezwa kidogo kidogo mbele ya ukuta, ikipiga vipande maelfu kwa maelfu, kisha mafundi huviunganisha mpaka ukuta mzima usomeke bila mshono. Ni kazi ya subira, na inastahili heshima ileile anayopewa mchoraji.

Mwaka 2014 kilifunguliwa kituo ambako wageni hutazama filamu kwanza ndipo wapelekwe mapangoni kwa muda mfupi. Mwaka 2016 mapango 30 yakawekwa kwenye intaneti, yatazamwe bure. Halafu ikaja biashara. Kuanzia 2017 taasisi ya Dunhuang ilishirikiana na kampuni ya teknolojia ya Tencent, na wahusika wa gemu maarufu ya kampuni hiyo wakavishwa mavazi yaliyotokana na michoro ya Mogao. Hapa ndipo penye siri ya soko hili: mchoro wa enzi ya Tang hauna tena mwenye hakimiliki, lakini faili safi la picha yake lina mwenyewe, naye ndiye anayeweka masharti.

Jumba la Makumbusho la Kifalme la Beijing, lenye vitu zaidi ya milioni 1.8, liliielewa hesabu hiyo mapema. Mauzo ya bidhaa zake za ubunifu yalitajwa kufikia yuani bilioni 1.5 mwaka 2017. Hazina zake huzaa pia nje ya maduka. Mchoro wa mandhari wa Wang Ximeng, uliochorwa juu ya hariri mwaka 1113 na kijana wa miaka 18, ni nadra kuonyeshwa hadharani. Ngoma iliyotokana nao ilitazamwa majumbani kupitia televisheni ya taifa katika sherehe za Mwaka Mpya wa Kichina wa 2022.

Gemu nazo zimekuwa mawakala wa utalii. Black Myth: Wukong, iliyotoka Agosti 2024, iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu. Ndani yake wachezaji walikutana na mahekalu ya kale ya mkoa wa Shanxi na msimuliaji hadithi wa kaskazini mwa Shaanxi mwenye ala ya nyuzi. Hekalu la Xiaoxitian, ambalo wengi hawakuwa wakilijua, likafurika wageni.

Si kila mlango ulifunguka. Jukwaa la Tencent la kuuza picha za kidijitali, lililoanza Agosti 2021, liliacha kutoa picha mpya baada ya mwaka mmoja tu. Wanunuzi walikatazwa kuziuza tena, hivyo hamu ikazimika.

Na fundi? Huko Jingdezhen, mji wa kauri, wafinyanzi na wauzaji hufungua tanuri mbele ya kamera na kuuza mubashara kwa wateja wa miji ya mbali. Hawasubiri tena dalali, ila jukwaa hukata fungu lake, na saa za kuzungumza na simu huliwa kutoka saa za kukaa na udongo. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba nakshi alizorithi fundi wa kijijini hazijasajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo kampuni inaweza kuzichukua na kuzichapa bila kumlipa. Taasisi zenye kumbukumbu za picha zimepata nguvu ya kujadili bei. Mafundi wasio na kumbukumbu wala mkataba bado hawajaipata, na bila vyama vyao kusajili nakshi na kudai fungu, teknolojia hii itaendelea kuwatangaza huku ikiwalipa wengine.