Meli Haigeuki Papo Hapo: Mchezo wa Manowari na Bandari ya Unguja

Hapa Falls Church, mji mdogo wa Virginia ulio jirani na Washington, wastaafu wa jeshi ni wengi, na baadhi yao wana mchezo ambao wajukuu zangu nao wameupenda: vita vya baharini vinavyochezwa kwa vijimeli vidogo. Kwa miaka mingi palikuwa na duka katika barabara ya Broad Street, likiitwa The Compleat Strategist, lililouza vitu vya michezo ya namna hiyo. Wazee wenzangu wakiona watu wazima wamepiga magoti sakafuni na rula mkononi, hucheka. Mimi sicheki. Mchezo huo umenisaidia kuwaeleza watoto jambo la bandarini kwetu Unguja ambalo aghalabu husimuliwa kwa ufupi mno.

Tulivyosimuliwa sisi ni kwamba alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuja ikaizamisha Pegasus ya Waingereza kwa sababu Waingereza walikuwa wamelala. Sasa tuiweke sakafuni tuone.

Kwanza mwendo. Tuseme kila zamu ni dakika tatu. Meli iendayo maili 20 za bahari kwa saa, katika dakika tatu itakwenda maili moja, ambayo ni kama yadi 2,000. Tukikubaliana kwamba inchi moja ya sakafu ni yadi 100, basi meli ya maili 20 husogea inchi 20, ya maili 12 inchi 12. Hesabu imekwisha. Sisi tuliopigwa rula na mapadri kwa ajili ya hesabu tunajua kushukuru kanuni nyepesi kama hiyo.

Kazi iko kwenye kugeuka. Mtoto akishika kijimeli kwa mara ya kwanza hukizungusha pale pale kama kifuniko cha chupa. Meli ya kweli haifanyi hivyo. Usukani ukishageuzwa, meli bado huendelea mbele kwa muda; kisha omo huanza kuingia ndani na tezi hutupwa nje, nayo ikaenda upande upande kama gari linaloteleza kwenye mchanga wa jangwani. Maji yanayoupiga ubavu huizuia, hata ikageuka kwa usukani wote inaweza kupoteza theluthi ya mwendo wake au zaidi. Ndiyo maana kanuni nyingi hutaka meli iende mbele umbali fulani kabla ya kila kona, na zikakata mwendo. Nyumbani kwetu tumeweka hivi: inchi mbili mbele, ndipo ugeuke nyuzi 45, na kila kona inakula inchi mbili za mwendo wa zamu hiyo. Anayetaka kurudi alikotoka anahitaji kona nne. Wengine hutumia kipande cha kadibodi kilichokatwa nusu duara, na kijimeli hufuata ukingo wake. Ni vizuri zaidi, ila vipande hupotea chini ya makochi.

Jambo jingine, kila mchezaji huandika amri yake kwenye karatasi bila kuona ya mwenzake, kisha meli zote husogezwa pamoja. Nilikuwa karani, na hapa ndipo ninapoupenda mchezo huu kuliko karata: kilichoandikwa kimeandikwa.

Turudi bandarini. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, na mwendo wa maili 24 hivi. Pegasus ilikuwa kuukuu, yenye mizinga minane ya inchi nne, na mwendo wa maili 20 ilipokuwa mpya. Königsberg ilianza kupiga kutoka karibu yadi 9,000. Sakafuni kwetu hizo ni inchi 90, karibu chumba kizima. Makombora ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kufika. Kwa hiyo ilibidi ama isogee karibu ama ikimbie, na vyote viwili vinataka mvuke. Pegasus haikuwa na mvuke: ilitia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Mwendo wake ni inchi sifuri, na asiye na mwendo hana kona. Hata usukani haufanyi kazi bila maji kupita juu yake.

Mjukuu wangu mmoja, aliyepewa Pegasus, alilalamika kwamba si haki. Nikamwambia aandike amri yake hivyo hivyo. Waliokufa ni 38, na baadhi yao wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wengi wetu tulikiona tukipita kwa ngalawa bila kuuliza makaburi ni ya nani. Macho yao yangekuwa wazi usiku kucha, meli isingesogea.

Königsberg nayo iliharibika mitambo ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Huko ndiko Severn na Mersey, manowari zisizohitaji kina kirefu, zilikoipiga tarehe 11 Julai 1915, mpaka nahodha wake, Looff, akaamuru ilipuliwe.

Lililobaki kunisumbua ni majahazi. Kanuni nilizoziona zimeandikwa kwa merikebu za Kizungu zenye matanga ya mraba, ambazo huweza kupitisha omo kwenye upepo. Jahazi letu halipendi hivyo: huupa upepo tezi, na foromali huzungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kazi ya watu wengi na kelele nyingi. Wakati huo wote jahazi linasukumwa demani, nalo linapoteza bahari iliyokwisha kuipata. Linapoteza kiasi gani? Urefu wake mara tatu? Mara kumi? Kama nyumbani kwenu Sur, Maskati au Dubai yuko mzee aliyesafiri msimu wa kaskazi, muulizeni, kisha mwandikieni mhariri. Nimeshakata kadibodi, nangojea kipimo.