Kufunga Chambo cha Manyoya Bila Risasi



Siku ya mapumziko baadhi yetu hapa Kigali hupanda basi kwenda ziwa Muhazi na ufito mwepesi wa kuvulia. Chambo bandia cha dukani kikinasa kwenye mafunjo, pesa nazo zimekwenda. Chambo hicho chaweza kufungwa nyumbani. Lakini lipo jambo moja la hatari, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Chambo hiki ni ndoana iliyovikwa manyoya, yenye uzito karibu na jicho lake. Ukikivuta kwa kukatiza, huruka na kuzama kama kisamaki kilichojeruhiwa. Uzito huo mara nyingi ni risasi, na wapo wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu jikoni. Usifanye hivyo kamwe. Moshi na vumbi lake huingia mwilini, huharibu damu na figo, na zaidi ya yote ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walipata sumu kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Nchini Uingereza chubwi nyingi za risasi zilipigwa marufuku mwaka 1987, kwa kuwa bata maji walizimeza wakafa.

Basi tumia hivi: ndoana namba 8, uzi wa nailoni wa kushonea, manyoya ya shingo ya jogoo, waya mwembamba wa shaba, kipande cha mnyororo wa vigololi kama ule wa kizibo cha sinki, na rangi ya kucha isiyo na rangi. Koleo lililofungwa mpira kwenye mikono yake litaishika ndoana.

Kwanza, kata vigololi viwili vilivyoungana. Vilaze karibu na jicho, upande wa mgongo wa ndoana usioelekea ncha, uvifunge kwa uzi kimsalaba. Uzito ukiwa upande huo, ndoana hugeuka majini, ncha ikatazama juu, isikamate mafunjo kwa urahisi.

Pili, funga mkia wa manyoya penye kona ya ndoana. Usiwe mrefu kupita ndoana yenyewe, ama samaki atauma mkia asinaswe.

Tatu, zungusha waya wa shaba mara sita hadi nane kati ya mkia na vigololi, kuongeza uzito.

Nne, zungusha unyoya mmoja juu ya waya hadi kwenye vigololi, funga fundo, kata uzi, upake rangi ya kucha. Ngoja ikauke.

Ukifika ziwani, ulizia kwanza kibali cha kuvua. Tupa, acha kizame, vuta kidogo, tulia. Samaki wengi huuma kinapozama, kwa hiyo tazama mshipi. Kambale na baadhi ya furu ni wawindaji. Ngege hula zaidi mwani, basi asipouma usikilaumu chambo chako.

Nawe ndugu unayeshika risasi kazini, kwenye gereji au kwenye betri: nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zibaki kazini. Maji, sabuni na mahali pa kubadilishia nguo ni haki ya kudai kwa mwajiri. Pamoja na wenzako, vidai.