Jibu Lisilostahili Kulazimishwa

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022, makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Chombo cha namna hiyo huweza kukagua jibu mara tu linapoandikwa. Lakini ukaguzi usio na busara huzaa uongo.

Tuchukue mfano wa kaya moja ya Vihingo, mkoani Pwani. Mzee asiyepata kusoma shule anaulizwa darasa alilomaliza. Iwapo programu haikubali nafasi tupu, karani atakwama, au ataandika "darasa la kwanza" ili aendelee. Uongo huo ukirudiwa katika kaya nyingi, kijiji kitaonekana kimesoma, na madarasa ya watu wazima yatapelekwa kwingine.

Dawa yake ni ukaguzi wenye sharti: kama mtu amewahi kusoma shule, darasa litajwe, kama hakusoma, swali lirukwe. Mifumo ya kutungia programu za intaneti, kama vile Rails iliyotolewa mwaka 2004 na Laravel ya mwaka 2011, ina kanuni za aina hiyo.

Hata hivyo, karani akisahihisha "ndiyo" kuwa "hapana", darasa lililokwisha kuandikwa hapana budi lifutwe. Aidha, kompyuta inayopokea taarifa irudie ukaguzi huohuo, kwani ule wa kwenye kioo waweza kukwepwa.

Nafasi tupu yenye sababu ni taarifa kamili. Jibu la kulazimishwa ni hasara kwa taifa.