Njia ya shaba si waya tu: kwa nini bodi ya saketi iliyoungana vizuri hukataa kufanya kazi

Mjini Bujumbura, kuanzia Mutanga Sud, jirani na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, hadi kwenye karakana za Buyenzi, kifaa cha elektroniki kikiharibika hakitupwi upesi. Vipuri hutoka ng'ambo na hulipiwa kwa fedha za kigeni, nazo ni adimu nchini. Kwa hiyo fundi anayefufua kompyuta na mwanafunzi anayechora bodi yake ili ikatengenezwe nje ya nchi wana hofu moja: bodi ambayo kila kitu kimeungana, multimita inalia panapostahili, lakini kifaa hakiwaki, au kinawaka na kusoma takwimu zilizovurugika.

Mara nyingi fundi huilaumu chipu, akanunua nyingine, na tatizo likabaki palepale. Kumbe kosa limo katika umbo la njia za shaba zenyewe: urefu wake, upana wake, na kilichopo chini yake. Elimu inayoshughulikia jambo hili ni ile ya uzima wa ishara, yaani namna ya kuhakikisha kwamba ishara ya umeme inafika upande wa pili ikiwa nzima kama ilivyotumwa.

Ishara husafiri, na safari huchukua muda

Kwa taa ya nyumbani, waya ni waya. Ukiungana, taa huwaka. Ishara ya kompyuta ni kitu kingine. Ni volti inayopanda na kushuka ghafla, na kila mpando au mshuko hubeba habari ya sifuri au moja. Badiliko hilo haliufikii mwisho wa njia papo hapo. Nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde katika ombwe, lakini juu ya bodi ya kawaida ya fibaglasi ishara huenda kwa karibu nusu ya kasi hiyo, yaani kama sentimita 15 kwa nanosekunde moja, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Kwa njia ya polepole, kama ile inayounganisha kipimajoto na chipu yake kwa mapigo 100,000 kwa sekunde, kasi hiyo inatosha na kusaza. Pigo moja hudumu muda ambao ishara ingeweza kwenda kilomita moja na nusu. Lakini katika USB ya megabiti 480 kwa sekunde, biti moja hudumu nanosekunde mbili tu na huchukua takriban sentimita 31 za njia. Kasi ikifika gigabiti 5, biti moja huchukua sentimita 3. Katika njia ya sentimita 12, biti nne hutembea kwa foleni: ya nne inaondoka kabla ya ile ya kwanza kufika.

Hata hivyo, kinachoamua si wingi wa mapigo peke yake, bali ukali wa kila mpando. Chipu za kisasa hupandisha volti kwa nanosekunde moja au chini ya hapo, hata zinapotumwa kazi ya polepole. Kwa mpando wa nanosekunde moja, wahandisi huanza kuwa waangalifu njia inapozidi sentimita mbili na nusu hivi. Ndiyo maana saketi ya zamani iliyofanya kazi miaka mingi inaweza kuanza kukosea baada ya kubadilishiwa chipu kwa nyingine mpya ya aina ileile.

Mwangwi ndani ya shaba

Mto Ntahangwa, unaoteremka kutoka milimani kuelekea Ziwa Tanganyika, hutoa mfano ulio karibu. Mkondo unaopita katika kingo zenye upana mmoja hutiririka kwa utulivu. Kingo zikibana ghafla, maji hupiga, huvimba na sehemu yake hurudi nyuma.

Ishara nayo hurudi inapokutana na badiliko. Kila njia ya shaba ina sifa iitwayo impedansi, inayotokana na upana wa njia, umbali wake kutoka tabaka la ardhi lililo chini yake, na kihami kilichopo katikati. Hupimwa kwa omu, lakini si ule ukinzani unaoonekana kwenye multimita. Njia moja moja mara nyingi huchorwa kwa omu 50, jozi ya USB kwa omu 90, na jozi ya Ethernet kwa omu 100. Ishara ikitoka kwenye njia ya omu 50 na kuingia ya omu 75, sehemu moja ya tano ya volti yake hurudi kama mwangwi. Mwangwi huo hugongana na biti zinazofuata, na mpokeaji anaweza kusoma sifuri mahali palipotumwa moja.

Tiba yake ni kuweka upana mmoja njia nzima na kupunguza matundu yanayoihamisha kutoka tabaka moja hadi jingine. Kwa njia moja moja, kipingamizi kidogo, mara nyingi cha omu 22 au 33, huwekwa karibu na chipu inayotuma ili kuuzima mwangwi unaorudi.

Safari ya kurudi

Kosa linalowapata wengi wanaoanza ni kusahau kwamba umeme unaokwenda lazima urudi. Katika kasi kubwa, umeme huo hautafuti njia fupi. Hurudi ndani ya tabaka la ardhi, moja kwa moja chini ya njia uliyoendea, kama kivuli kinavyomfuata mwenyewe. Tabaka hilo likikatwa ili kupitisha waya mwingine, umeme wa kurudi hulazimika kuzunguka. Ishara hupotoka, na mzunguko huo hutoa kelele inayovuruga njia za jirani na hata redio.

Njia zilizosogeleana mno nazo huambukizana ishara, hivyo kanuni ya kawaida ni kuacha kati ya katikati ya njia moja na ya jirani yake umbali wa mara tatu ya upana wa njia. Njia mbili za jozi moja ziwe na urefu sawa. Kwa kasi ya gigabiti 5, tofauti ya milimita 15 huzitenganisha kwa nusu ya biti nzima.

Somo kutoka baharini

Elimu hii ilianza kabla ya kompyuta. Mwaka 1858 kebo ya kwanza ya telegrafu ilivuka Bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria, zenye maneno 98, zilichukua takriban saa 16 kupita. Mhandisi Wildman Whitehouse alijaribu kuisukuma ishara kwa maelfu ya volti, na kebo ikafa baada ya wiki chache. William Thomson alikuwa ameshaeleza kwamba kebo yenyewe ndiyo inayotandaza mapigo, na kwamba dawa ni umbo la kebo, si nguvu. Kebo ya mwaka 1866, yenye shaba nene na kihami bora, ilifaulu. Mwaka 1879 telegrafu ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Katika miaka hiyo ya 1880, Oliver Heaviside aliandika milinganyo ambayo wachoraji wa bodi wanaitumia hadi leo.

Nini kifanyike mezani

Kwa fundi, maana yake ni kujua pa kuunga na pa kuacha. Waya wa jampa unafaa kwa kitufe, kwa njia ya kuchaji au ya spika. Kwenye USB uwe mfupi sana, na waya mbili za jozi zikae pamoja kwa urefu sawa. Kati ya prosesa na kumbukumbu, jampa ni bahati nasibu.

Kwa mchoraji, tabaka la ardhi litangulie, njia zenye kasi zifuate, na nyingine zije mwisho. Katika bodi ya matabaka mawili yenye unene wa milimita 1.6, njia ya omu 50 huhitaji upana wa karibu milimita 3, mkubwa mno kwa chipu za leo. Katika bodi ya matabaka manne, ardhi ikiwa milimita 0.2 chini ya njia, upana hushuka hadi chini ya milimita 0.4. Programu ya bure ya KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, ina kikokotoo cha hesabu hizo.

Bodi ya matabaka manne ni ghali zaidi, lakini agizo la pili ni ghali kuliko hilo: bodi hulipiwa upya, usafirishaji hulipiwa upya, na fedha za kigeni hutafutwa tena. Kosa lililoonekana kwenye mchoro, kabla ya agizo, hurekebishwa bila gharama.